Fomu Namba 117

Inspekta alikuwa mwanamke mwenye jina alilopewa na wazazi wake, lakini pale kituoni jina hilo lilikuwa limekufa na kuzikwa siku nyingi. Walimwita Usiguse. Kila alipofika mahali palipotendeka jambo, kabla ya salamu, kabla hata ya kuvua miwani ya jua, neno la kwanza kumtoka lilikuwa hilo. Aliwahi kulitamka harusini, mbele ya keki, na wageni mia mbili wakarudisha mikono nyuma kama wanafunzi waliokutwa na mwalimu wa zamu.

Jumatatu saa tatu asubuhi alilitamka ghorofa ya pili ya jengo la chuo kikuu, katika Kituo cha Utafiti wa Usalama wa Wanawake Majumbani. Mlangoni palikuwa na bango: SIRI YAKO TUMEIBEBA SISI. Herufi zake zilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

"Msiguse chochote," alisema. "Makaratasi, makabati, kompyuta. Majibu ya namba 117 yametoka humu. Kila kitu kibaki kilivyo mpaka nitakaposema mimi."

Watu watatu wa kituo kile walisimama wima. Profesa, mwenye mradi, mzee mnene wa suti aliyezungumza kama anayesoma risala. Mhoji, binti mwembamba aliyepita nyumba kwa nyumba na hojaji zake. Na mtunza tovuti, ambaye wenzake walimwita Nywila kwa sababu hakupata kukumbuka hata moja.

"Hata tovuti, afande?" Nywila aliuliza. "Maana kuna vitu nilitaka kuvipanga-panga leo."

"Hasa tovuti."

"Hata kidogo tu?"

"Kijana wangu, mtu akiniomba kupanga-panga, mimi naanza kupanga pingu. Na kuanzia sasa jibu unachoulizwa. Usichoulizwa, kimeze."

Nywila alikimeza. Inspekta akaketi, akaandika amri kwa mkono wake, akaigonga mhuri na kuibandika juu ya kompyuta kubwa. Koplo wake, jitu la miraba minne lenye sauti ya gwaride na moyo, ilisemekana, wa siagi, akaipuliza wino ukauke.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Jumamosi mchana mshonaji mmoja wa sare za shule alipigwa na mumewe mpaka taya likavunjika mahali pawili, na mkono wa kulia, ule wa mkasi, ukavunjika mahali ambapo daktari aliacha kuhesabu. Hilo peke yake, tusidanganyane, lisingempandisha inspekta ngazi za ghorofa mbili. Wake wanapigwa kila Jumamosi na daftari la kituo lina kurasa chache. Kilichompandisha ni mahali alipopigiwa. Mshonaji alikuwa amekimbia nyumbani siku kumi na moja, akajificha katika stoo ya vitambaa nyuma ya karakana ya bosi wake wa zamani. Hakumwambia mama yake. Hakumwambia dada yake. Mahali pale alipataja mara moja tu, miezi mitano nyuma, alipohojiwa na watafiti wa chuo. Swali la arobaini na moja: Ukilazimika kukimbia leo, utakimbilia wapi?

Mume alifika stoo na karatasi mkononi. Ilikuwa imechapwa kwa mashine, na jibu la swali la arobaini na moja lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu anayetoa vema.

Wanawake waliojibu swali hilo walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Mmoja alikuwa wodini. Mia mbili na kumi na mmoja waliobaki walikuwa bado wanadhani wana pa kukimbilia.

"Kuna msaliti humu ndani," Inspekta alimwambia Koplo wakishuka ngazi. "Mmoja kati ya watatu. Amemuuza mshonaji, na akiachwa atawauza wenzake."

"Tumkamate mapema, afande," Koplo alisema. "Mtu anayeuza siri za mama zetu huyo si wa kuachwa."

Shati lake lilikuwa limekunjamana kama jani la kabichi. Inspekta alilitazama.

"Pasi imeungua?"

"Mpiga pasi hayupo. Wifi yako kaenda kwao kumsalimia mama yake. Tangu Alhamisi nakula kama mbwa wa kituo."

* * *

Wodini mshonaji alikuwa amefungwa taya kwa waya. Hakuweza kusema, na mkono wa kuandikia ulikuwa ndani ya plasta hadi begani. Muuguzi alimpa kipande cha boksi na kalamu ya kuandikia vitanda. Kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala kama walevi, akaandika: NANI ALIMWAMBIA.

"Ndicho tunachotafuta, dada," Inspekta alisema. "Huyo binti aliyekuhoji, mlizoeana?"

Mshonaji akaandika: NILIMSHONEA GAUNI.

Koplo, aliyekuwa ameleta juisi ya paketi kwa pesa yake, aliona mto umeteleza. Akanyoosha mkono auweke sawa. Mshonaji alijirudisha nyuma kwa nguvu hata kitanda kikagonga ukuta.

"Pole, shemeji," Koplo alisema kwa upole, akaurudisha mkono wake mfukoni. "Pole sana."

"Ni plasta," Inspekta alisema. "Usimtikise." Akaandika katika daftari: gauni.

Mumewe, fundi wa majokofu, alikaa mahabusu kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi na anasubiri kulipwa. Alikana jambo moja tu, kwamba alikuwa amekosea.

"Karatasi ulipewa na nani?"

"Sikupewa. Nimeipata."

"Umeipata wapi?"

"Kwa wenye akili. Uliza hukohuko chuoni. Sisi wa darasa la saba hatujui kuficha vizuri kama wao." Akacheka, na kucheka huko kulimpendeza mwenyewe, akarudia.

Inspekta alitoka akiwa na uhakika mara mbili. Hukohuko chuoni: msaliti yupo, na fundi anamlinda. Juu ya meza yake karatasi yenyewe ilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne kama ilivyotolewa mfukoni mwa fundi, damu ikiwa imeigandisha kingo. Upande wa nje ulionyesha swali la arobaini na moja na namba 117 pembeni, basi.

"Afande, tuikunjue tu," Koplo alisema. "Huenda chini kuna maneno."

"Karatasi iliyokunjuliwa na askari si kielelezo, Koplo, ni leso. Mtaalamu wa alama za vidole anarudi Jumatano kutoka msibani. Ataikunjua yeye."

"Na mpaka Jumatano?"

"Mpaka Jumatano, usiguse."

* * *

Jumanne alianza na Mhoji. Alimweka katika chumba cha mikutano, kiti kikitazama dirisha ili jua limpige usoni, na Koplo akasimama nyuma yake akipumua. Hiyo ilikuwa mbinu yao ya zamani.

"Gauni alilokushonea ulilipia?"

"Nililipia, mama. Nina risiti."

"Mimi si mama yako. Mume wake unamjua?"

"Simjui. Tulikuwa tunakwenda wakati waume hawapo. Ndiyo kanuni ya kwanza."

"Kanuni ya pili?"

"Jina halikai pamoja na majibu. Fomu ya ridhaa ina jina na namba. Hojaji ina namba tu. Zinatenganishwa siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo asiye na fomu hajui 117 ni nani."

"Hawezi kujua."

"Na fomu zilikuwa kwako."

"Wiki moja. Kisha nikazipeleka kwa Profesa."

Inspekta alinyamaza. Alikuwa na ukimya wake maalumu, ambao majambazi wazima waliwahi kuujaza na majina ya ndugu zao. Mhoji alijaribu kuuvumilia, akashindwa dakika ya pili.

"Namba mia mbili na namba mia mbili na moja," alisema, na machozi yakamtoka. "Naomba msimwambie Profesa."

"Wamefanya nini hao?"

"Hawapo. Niliwatunga. Nilikuwa na homa, nilibakiza wawili wa siku hiyo. Nikawajaza nikiwa kitandani. Mmoja nilimpa watoto saba."

Nyuma yake Koplo alikohoa ili asicheke. Inspekta hakucheka. Alimfanya binti aandike kosa lake kwa ukurasa mzima, asaini, asome kwa sauti, kisha akampeleka kwa Profesa aliyeombwa asiambiwe. Mhoji alisimamishwa kazi kabla ya chai ya saa nne, akaambiwa asitoke jengoni. Alikaa kwenye benchi la ukumbini chini ya lile bango la siri, na kila aliyepita alimwona.

"Mtu anayetunga wanawake wawili," Inspekta alisema, "hashindwi kumuuza wa tatu."

"Kweli kabisa, afande," Koplo alisema. "Ila tukale kwanza. Jana nimekunywa chai kavu. Wifi yako bado yuko kwa dada yake, dada anaumwa."

Inspekta huyu alikuwa amewafunga watu kwa sababu Jumatatu walisema saa mbili na Jumanne wakasema saa mbili na nusu. Alisema tu, "Mpe pole," akaita anayefuata.

Profesa aliingia amebeba kibao cha kioo. Kilikuwa ni tuzo. Aliiweka mezani ikitazama wageni.

"Inspekta, mradi wangu umepewa hii kwa uwazi. Uwazi wa kisayansi. Sisi hatufichi kitu."

"Mnahubiri siri, halafu hamfichi kitu?"

"Siri ni za washiriki. Uwazi ni wa mchakato. Kamati ya Maadili ilitutaka tuthibitishe kwamba kila mwanamke aliahidiwa faragha kwa maandishi. Wengine wanasema tu. Sisi tulithibitisha. Ushahidi wote upo wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuuona."

"Sikuuliza habari za tuzo," Inspekta alisema. "Fomu za ridhaa ziko wapi?"

"Kwenye kabati langu. Zimefungwa kwa kufuli mbili."

"Funguo?"

"Moja ninayo. Ya pili," Profesa alishika shingo yake, akavuta uzi, ufunguo ukatokea kutoka ndani ya shati, "nalala nayo."

Inspekta alikagua kufuli zote mbili kwa kioo cha kukuzia. Hazikuwa na mkwaruzo. Alizihesabu fomu, zikatimia mia mbili na kumi na mbili, vumbi juu yake bado halijaguswa. Alivutiwa sana na vumbi lile. Alitumia nusu saa nzima kulisifu.

Nywila alikuwa wa mwisho. Alijibu alichoulizwa, na zaidi ya hapo hakusema neno.

"Tovuti yenu inasemaje kuhusu siri za watu?"

"Kuna ukurasa wa Sera ya Faragha, afande."

"Nichapie."

Kurasa nne, vifungu kumi na viwili. Inspekta aliusoma wote, kidole juu ya mstari, kwa heshima ya mtu anayesoma sheria. Hatutatoa taarifa zako binafsi kwa mtu wa tatu yeyote. Tunahifadhi kumbukumbu za kila anayetembelea tovuti, pamoja na saa na kurasa alizofungua. Una haki ya kuomba taarifa zako ziondolewe. Mwandikie Afisa Faragha, atakujibu ndani ya siku tatu. Akaukunja, akautia kwenye jalada.

"Safi," alisema. "Tovuti haina neno. Basi msaliti ni mtu mwenye miguu."

Nywila alifungua mdomo. Akakumbuka, akaufunga.

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba polisi wanachunguza kuvuja kwa siri za wanawake katika tovuti ya utafiti ya chuo kikuu. Aliyewapa habari alikuwa mhudumu wa mapokezi, ambaye aliupata mkasa wote kutoka kwenye benchi la Mhoji, na tovuti akaiongeza mwenyewe. Mjini, waume ambao kabla ya hapo hawakujua kama chuo kina tovuti walianza kuuliza inaandikwaje.

* * *

Jumatano saa nne mtaalamu wa alama za vidole alirudi kutoka msibani, akavaa glovu na kuikunjua karatasi kwa koleo mbili, pole pole, kama anamvua maiti soksi. Juu palikuwa na alama za fundi wa majokofu peke yake. Hakuna mwingine aliyewahi kuishika.

"Na huku chini kuna mstari," mtaalamu alisema. "Mdogo sana. Ule ambao mashine huuandika yenyewe."

Inspekta aliinama. Ilikuwa ni anwani ya tovuti ya kituo cha utafiti, herufi kwa herufi, kisha: ukurasa wa 3 kati ya 4. Kisha tarehe ya Jumamosi, saa tano na dakika kumi asubuhi.

Koplo alikuwa tayari ameshika funguo za gari.

Ghorofa ya pili walimkuta Nywila amekaa mbele ya kompyuta yenye amri ya mhuri, ameikalia mikono yake.

"Nionyeshe," Inspekta alisema.

Ilichukua kubofya mara mbili. Ukurasa wa kwanza uliitwa Takwimu: majibu ya kila mshiriki, kwa namba, bila jina hata moja. Ukurasa wa pili uliitwa Maadili. Hapo, moja baada ya nyingine, zilikuwa zimepangwa picha za fomu za ridhaa zote mia mbili na kumi na mbili. Kila fomu ilikuwa na ahadi ya siri, chini yake namba, chini yake sahihi. Na ili Kamati isipate taabu kutafuta, kila picha ilikuwa imepewa jina kamili la mwanamke aliyesaini.

"Profesa aliniagiza," Nywila alisema. "Kamati walitaka ushahidi kwamba siri imetunzwa. Ushahidi ndio huo. Kumbukumbu za tovuti zinaonyesha fundi aliandika jina la mkewe kwenye simu, afande. Basi. Lilikuja la kwanza kabisa, na namba yake chini."

Hapakuwa na msaliti. Hakuna aliyeuza kitu. Fundi alikuwa amesema kweli tangu Jumatatu na kucheka juu yake.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu, ulipotaja 117. Ndiyo nilitaka kupanga-panga."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza."

"Ifunge. Sasa hivi."

Nywila aliitazama ile amri. "Imeandikwa mpaka useme, na ina mhuri. Nikigusa bila karatasi ya kufuta karatasi, kesho nitakuwa mimi msaliti mwenye miguu."

Kama angekuwa anatania, Inspekta angempiga kofi. Hakuwa anatania. Alikuwa ameumbwa na ofisi.

"Naandika. Wakati naandika, jibu hili nililokuuliza: tangu Jumatatu wameingia wangapi?"

"Mpaka Jumatatu asubuhi, ukurasa wa Maadili ulikuwa umefunguliwa mara tisa tangu uumbwe. Tangu amri yako," Nywila alisogeza uso karibu na kioo, "mara elfu moja mia nne na sita. Nyingi ni jana usiku, baada ya redio."

"Na huyo Afisa Faragha wenu?"

"Cheo kipo. Mtu hajapatikana. Barua zake zinaingia kisanduku changu cha pili." Alikifungua bila kuombwa, labda kwa mara ya kwanza. Katikati ya matangazo ya mikutano kulikuwa na barua ya wiki tatu nyuma, mistari miwili, kutoka kwa mshonaji. Nimeona jina langu kwenye tovuti yenu. Tafadhali niondoeni, mume wangu ana simu.

Inspekta aliisoma mara moja tu, akavuta karatasi.

"Mwiteni yule binti wa benchi. Koplo, keti hapa. Soma majina yote kwenye ukurasa huo, moja baada ya jingine, kwa sauti. Binti ataandika, yeye anajua nyumba zao. Tutawapigia wote simu leo, kila mmoja abadilishe maficho."

Mhoji aliingia, macho yamevimba, akachukua kalamu. Koplo aliketi. Kiti kililia chini yake. Akaanza kusoma kwa sauti ile ya gwaride, namba na jina, namba na jina, na Mhoji akaandika, na Inspekta upande wa pili wa meza akatunga amri ya kufuta amri: kwamba ile ya Jumatatu isihesabiwe tena, kwamba ruhusa ya kugusa imetolewa. Sauti ya Koplo ilikuwa imetulia. Ilipita mia moja. Ilipita 117 bila kusita. Mahali fulani baada ya hapo ilikaukia kooni, akakohoa, akaomba maji, akabofya hapa na pale, akaendelea mpaka mwisho.

"Nimemaliza, afande," alisema akisimama. "Nikawashe gari? Tutahitaji kuzunguka."

"Kawashe."

Akaenda. Inspekta alisaini, akagonga mhuri, akamkabidhi Nywila. Nywila akausoma mhuri, akaridhika, akagusa. Tovuti ikazimika.

"Wangapi?" Inspekta alimwuliza Mhoji.

"Mia mbili na tisa, bila wale wangu. Wale sikuwaandika."

"Mia mbili na kumi na mbili, toa wawili wa kitandani."

Mhoji alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Mia mbili na kumi," alisema polepole. "Nimepungukiwa mmoja. Lakini niliandika kila alichosoma." Kalamu ikashuka pembeni mwa orodha, ikasimama. "Mia na arobaini na moja. Mia na arobaini na tatu."

"Nipe 142."

"Nimeshaifunga," Nywila alisema.

"Nipe."

Ikaletwa kutoka kwenye seva. Fomu ilisainiwa kwa mwandiko mdogo, nadhifu. Jina la kwanza Inspekta hakulijua, kwa sababu siku zote alimsikia akiitwa wifi yako. Jina la mwisho alikuwa akilisoma kila siku kwa miaka sita, limeshonwa juu ya mfuko wa shati lililokuwa linanyooshwa vizuri mpaka Alhamisi.

Majibu yalifuata. Swali la thelathini na tisa, anayekupiga anafanya kazi gani: Askari. Swali la arobaini, umewahi kuripoti polisi: Nimripoti kwa nani. Swali la arobaini na moja: Shule ya wasichana ya bweni, kwa mpishi, chumba cha nyuma ya stoo ya kuni.

Kwao kwa mama yake. Kwa dada yake, anaumwa. Na mto, na kitanda kilichogonga ukuta. Mshonaji alikuwa ameutambua mkono ule kwa kuuona tu.

Inspekta alifika dirishani. Mahali pa gari palikuwa na doa la mafuta.

Alipiga kituoni. Gari la pili lilikuwa juu ya mawe, likisubiri matairi. Alipiga simu ya Koplo, ikaita sana kabla ya kupokelewa. Injini ilisikika nyuma yake.

"Uko wapi?"

"Nafuatilia shahidi, afande." Sauti ilikuwa ileile ya juisi na pole.

"Geuza gari. Ni amri."

"Ya maandishi?" Koplo aliuliza.

"Koplo." Neno lake la miaka ishirini na miwili lilimjia. Lilitoka dogo, kama la mtu anayeomba. "Usimguse."

Simu ilikatwa.

"Shule," Inspekta alimwambia Nywila. "Namba ya shule, haraka."

Tovuti ya shule ya wasichana ilikuwa na ukurasa mmoja, picha ya geti, na namba moja ya simu. Hapakuwa na jina la mtu yeyote. Mara ya kwanza laini ilikuwa na mtu. Mara ya pili ilikuwa na mtu. Mara ya tano akapokea mwanamke mtu mzima, mwenye sauti ya kuzoea kunyamazisha mabweni.

"Karani wa shule hapa."

"Mimi ni inspekta wa polisi. Jikoni kwenu, kwa mpishi, kuna mwanamke. Mtoeni sasa hivi, mpelekeni darasani, katikati ya wanafunzi."

"Hapa hatutoi habari za mtu kwa simu."

"Sitaki habari. Nataka mumtoe."

"Kwanza mwanamke huyo simjui. Pili hata ningemjua nisingekwambia. Mpishi wetu ameomba kitu kimoja tu tangu aajiriwe, kwamba wakiuliza polisi, hasa polisi, hayupo mtu. Nasi hapa tukiombwa siri, tunatunza."

"Mama yangu, nakuomba. Nakupigia magoti."

Karani alikuwa anafikiri, na ilisikika kwamba ombi lilimgusa, kwa sababu sauti iliporudi ilikuwa laini zaidi.

"Basi subiri, usikate," alisema. "Kuna mwenzako wa sare anaingia getini sasa hivi na gari lenu. Ngoja nimpeleke jikoni, umwelekeze mwenyewe."